Siku moja maishani mwangu: Desemba 24 kwa wakwe zangu, São Paulo

Saa 10 na nusu alfajiri. Nyumba nzima imelala isipokuwa baba mkwe. Yuko jikoni anachuja kahawa kwa kitambaa. Tunaishi nao hapa Penha, upande wa mashariki wa jiji. Ananipa kikombe, ananibusu shavuni, ananikumbusha mikate ya jana. Mkate uliolala ndio unaotengenezewa rabanada: unakatwa vipande, unalowekwa kwenye maziwa na mayai, unakaangwa, kisha unagaragazwa kwenye sukari na mdalasini.

Busu hilo la shavuni nilieleze. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania. Kwa mila zetu za zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutazamana usoni. Mwanamke akimwona mkwe wake anakuja njiani, alichepuka. Kula naye pamoja ndiyo kabisa, halikuwepo. Bibi yangu aliishi hivyo. Kizazi cha mama kimelegeza mengi, lakini nyumbani kwetu mkwe bado anasalimiwa kwa goti, macho chini. Nami nimeolewa kwenye familia ambayo usipomkumbatia mtu, anadhani umemkasirikia. Chakula cha hapa nilikizoea upesi, lugha ikaja polepole. Hili la kukumbatiana na wakwe ndilo lililonichukua muda mrefu, na Krismasi ndiyo siku linapokuwa zito zaidi.

Saa 11 niko kazini, duka la mikate mtaa wa pili. Sikukuu yenyewe kisheria ni tarehe 25, leo wengi wanafanya kazi nusu siku. Kwetu sisi ndiyo siku nzito kuliko zote. Majiko ya nyumbani mengi hayatoshi paja zima la nguruwe, kwa hiyo watu wanatuletea sisi tuwachomee kwenye tanuri la mikate. Wanakuja na sinia mikononi, nyama imelala usiku kucha kwenye kitunguu saumu, majani ya bay na mvinyo mweupe, ngozi imechanjwa miraba. Kazi yangu ni kupokea, kufunga namba kwa waya kwenye mkono wa sinia, na kumpa mwenyewe karatasi yenye namba hiyo hiyo. Bibi mmoja alirudi mara mbili kuhakikisha sinia yake haijawekwa nyuma kabisa, kwenye moto mkali. Nilimwelewa. Lile paja ndilo Krismasi ya watoto wake wote.

Saa 1 asubuhi napata nafasi ya kunywa chai. Namwandikia mama, aliyeko Tukuyu, mji wa kwetu Rungwe. Brazil iliacha kusogeza saa mbele majira ya joto mwaka 2019, kwa hiyo tofauti yetu ni saa 6 mwaka mzima, na hapo pana kitu kinachonifariji kila nikiangalia ukutani. Saa ya hapa, ukiisoma namba zake kama zilivyo, inakupa saa ya Kiswahili ya nyumbani. Mshale uko kwenye 7, na Tukuyu ni saa 7 mchana. Mama anajibu kwamba mchele umenunuliwa na kuku wamepatikana. Hela nilimtumia kutoka mshahara wa 13. Hapa ni sheria tangu mwaka 1962: kila mwajiriwa analipwa mshahara wa ziada, na nusu yake ya mwisho lazima itoke kabla ya Desemba 20 kupita. Natamani sana sheria kama hiyo ingekuwepo kwetu.

Saa 8 mchana tunafunga. Mvua ya radi inanikuta njiani nikiwa na mfuko wa mikate kifuani.

Kuanzia saa 9 ni jikoni. Mama mkwe, wifi zangu wawili, shangazi wa mume wangu na mimi. Bata mzinga yuko kwenye oveni. Farofa, yaani unga wa muhogo uliokaangwa kwa siagi na vitunguu, ni kazi ya shangazi na haiguswi na mtu mwingine. Kuna wali wenye zabibu kavu, ambao nusu ya familia inautetea na nusu inazichambua zabibu na kuzisukuma pembeni ya sahani. Mwaka huu mama mkwe aliniachia plati moja ya jiko bila mimi kuomba. Nikapika pilau. Iliki niliitafuta sana na bei yake inauma, lakini karafuu ni tele, zinalimwa Bahia. Nilipomimina viungo kwenye vitunguu vilivyoiva hadi rangi ya kahawia, mama mkwe alifunga oveni yake akaja kusimama nami, akasema, "Mwanangu, mwakani nifundishe mwanzo hadi mwisho."

Saa 2 usiku, misa. Nimelelewa katika kanisa la Moravian, si Katoliki, lakini naenda na mama mkwe, tumeshikana mikono.

Saa 4 usiku ni zamu ya zawadi za siri. Wiki kadhaa kabla, kila mtu anachota jina. Usiku huu unasimama katikati, unamweleza mtu wako bila kumtaja mpaka watu wamtambue, unampa zawadi na kumkumbatia mbele ya wote. Mimi nilichota baba mkwe.

Nilisimama. Nilisema mtu wangu huamka kabla yangu ili nisitoke na tumbo tupu. Nilisema nilipofika nchi hii sijui kuomba hata maji, alikaa nami mezani na gazeti la punguzo la supamaketi, akawa anagusa picha na kutaja jina, jioni baada ya jioni. Watoto walishapiga kelele za jina lake, lakini sikuwa nimemaliza. Kisha nikapiga goti, kama ninavyosalimia nyumbani, nikampa zawadi kwa mikono miwili. Yeye hakuninyanyua haraka kama zamani. Alisubiri. Niliposimama, mimi ndiye niliyemkumbatia.

Saa 6 usiku chakula kinaanza, maana hapa karamu inasubiri tarehe 25 iingie. Tukuyu ni saa 12 asubuhi, mama anajiandaa kwenda kanisani. Kwetu tunaanza na ibada kisha tunasherehekea mchana, kwa hiyo simu ya video ikaunganisha sherehe mbili. Baba mkwe akaichukua simu, akasema "Habari za asubuhi, mkwe," maneno aliyofanyia mazoezi. Mama akainamisha kichwa kwa heshima, akacheka, akaomba aonyeshwe sahani yangu. Nikamwonyesha: bata mzinga, farofa, na pilau katikati.

Saa 8 usiku tunafunika vyombo. Kesho mchana wote wanarudi kula mabaki. Shangazi ameomba pilau yake, nimemwekea bakuli pembeni.