Miguu haisikii chini, na bado natembea kwenye makoro (mawe ya volkano) ya Goma

Watu wakiniona na fimbo wanafikiri ni magoti, wengine wanasema ni uzee. Magoti yangu ni mazima na nguvu iko, shida ni sukari ya miaka mingi imekula mishipa ya fahamu, miguu haisikii kuanzia vidole mpaka juu ya kifundo. Nikikanyaga simenti, udongo au koro yote ni sawa tu, kama niko juu ya godoro.

Muganga alinipima hivi: aliniambia nifumbe macho, akawa anagusa nyayo na kauzi ka nailoni anauliza unasikia? Mi niko namngoja aanze kumbe ameshagusa mara nyingi. Akaleta chuma kinachotetemeka akakiweka kwenye dole gumba, hakuna kitu, mpaka alipokipandisha kwenye goti ndo nikasikia mfupa unalia. Halafu akanisimamisha, miguu imekaribiana. Macho wazi nasimama vizuri, kufumba tu nikayumba akanidaka. Akanieleza mwili unasimama kwa msaada wa macho, sikio la ndani na habari inayotoka miguuni, miguu ikinyamaza macho ndo yanabeba kazi.

Hapo nikaelewa mambo mengi, kwa nini asubuhi nikijipaka sabuni usoni nilikuwa naenda mbele juu ya beseni, na kwa nini kanisani wakisema tusimame tufumbe macho tuombe naanza kupepesuka mpaka jirani anafikiri nimepandwa na roho. Sasa nanawa nimekaa. Kanisani naweka kidole kwenye benchi ya mbele, siegemei, nagusa tu, na hiyo peke yake inatosha, maana mkono unaambia kichwa kama mwili umeanza kulala upande.

Usiku ndo mbaya zaidi. Umeme unakatika wakati wowote na huku kwetu Katoyi njia ni makoro tupu, kwa hiyo toshi inalala karibu na mto wangu, hata kwenda choo siendi bila hiyo. Mwanga namulika pale mguu unapotaka kukanyaga, mbele mbele sana haisaidii.

Kambambili niliachana nazo kabisa. Zinavuka mguuni na wewe unaendelea kutembea, siku moja mtoto alinikimbilia kutoka mbali, “babu! babu! kiatu chako!” na mi sijui hata nimeiacha wapi. Nikaenda Birere nikatafuta viatu vya kufunga na kamba, soli ngumu isiyo nene sana. Zile zenye sponji nene unazisikia laini ukizibonyeza na mkono lakini ukisimama unayumba zaidi. Kabla ya kuvaa naingiza mkono ndani mpaka mwisho, kajiwe ka koro kanakata na mguu hautakwambia. Maji ya kuoga napima na kiwiko, jioni bibi yangu anaangalia nyayo na katikati ya vidole, akikosekana natumia kioo.

Kitu ambacho watu hawaamini ni kwamba kusimama mahali pamoja kunanichosha kuliko kutembea. Kwenye foleni napanua miguu kidogo, fimbo mbele, macho nayaweka kwenye kitu kisichotembea. Kwenye moto (pikipiki) namwambia motari angoja, niangalie kwanza kama mguu uko juu ya chuma chake, maana unaweza kuning'inia na mi najua umekaa. Kushuka soko la Kituku kwenye mteremko na watu wamejaa siwezi peke yangu, nashika bega la kijana wangu.

Na wewe unayekunywa metformini, dawa ya sukari, miaka mingi, muulize muganga kuhusu vitamini B12, hiyo dawa inaweza kuishusha na ikipungua nayo inaua hisia za miguu, na hiyo inatibika. Mi walinipima ikawa sawa, kwangu ni sukari tu.