Majengo mawili, kiwanja kimoja: usivute shaba katikati

Muulize muuzaji kwa nini ununue faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, atakutajia kasi. Kwa shule, zahanati au nyumba ya wageni yenye majengo mawili, kasi si hoja. Cat6 nzuri, kebo ya kawaida ya shaba ya mtandao, inabeba gigabiti 1 kwa sekunde, na ofisi nyingi hata hiyo haziimalizi. Hoja ni radi, kisha umbali.

Radi si lazima ipige paa lako. Ikipiga mti wa jirani, volti ya ardhi chini ya jengo moja hupanda kuliko ya jengo la pili, na waya wa shaba kati ya swichi mbili za mtandao (visanduku vinavyounganisha kompyuta na kamera) unakuwa njia ya umeme kujisawazisha. Ndiyo maana msimu wa mvua swichi hufa tundu moja moja. Kioo hakipitishi umeme. Ila kebo nyingi za faiba za kuning'iniza zina waya wa chuma wa kubebea uzito, na huo unaileta radi vilevile. Uishie ukutani nje. Ndani iingie faiba peke yake.

Umbali: Ethaneti ya shaba mwisho wake ni mita 100, vipande vya kuchomekea vikiwemo. Tena madukani imejaa Cat6 ya alumini iliyopakwa shaba. Kwangua waya kwa wembe. Ukiona weupe, irudishe, maana kamera zinazolishwa umeme kupitia kebo hiyo zitazimika hovyo.

Kwa mfano, kwa mita 400 chukua kebo ya faiba ya modi moja (single-mode, yenye kiini chembamba) yenye nyuzi 4: mbili za kazi, mbili za akiba. Acha mita 10 za ziada kila upande. Moduli za SFP, vipande vya kuchomeka kwenye swichi vinavyogeuza umeme kuwa mwanga, za gigabiti 1, za kilomita 10, zinatosha. Za kilomita 80 zitampofua mpokeaji kwa mwanga mkali. Ukitumia zile zinazotuma na kupokea kwa uzi mmoja, nunua jozi: upande mmoja unatuma kwa mwanga wa nanomita 1310, mwingine kwa 1490 au 1550. Mbili za aina moja hazitaonana kamwe.

Piga hesabu ya mwanga kabla ya kumlipa fundi. Kilomita moja hula takriban dB (desibeli, kipimo cha mwanga unaopotea) 0.35, kwa hiyo mita 400 ni 0.14. Viungo viwili vya kuchomelea, 0.1 kila kimoja; viunganishi viwili, 0.5 kila kimoja. Jumla haifiki dB 1.5. Kipimo kikisoma 4 au 5, kuna kosa, hata kama taa ya swichi inawaka.

Mara nyingi kosa ni uchafu. Kiini cha faiba hii kina upana wa mikromita 9 hivi, kwa hiyo punje ya vumbi inatosha kuuziba mwanga. Safisha kwa alikoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, si kwa shati. La pili ni kona kali: faiba ya kawaida usiikunje chini ya nusu kipenyo cha mm 30. La tatu ni kuchomeka kiunganishi cha kijani, chenye uso wa mshazari, kwenye tundu la bluu lenye uso bapa. Vinaingiana vizuri tu, lakini mwanga unapotea.

Faiba haibebi umeme wa kulisha kamera. Jengo la pili litahitaji soketi ya swichi yake, na kinga ya radi kwenye soketi hiyo, kwa kuwa nyaya za umeme zenyewe bado ni za chuma.