Siku niliyodhani nimeharibu DNA ya mawaridi

Mwaka 2008 nilikua Uingereza nasoma masters ya mimea, projekti niliyopewa ni ya mawaridi ya zamani, yale yanayonukia kweli, sio haya ya kufungwa selofeni ambayo ukiyanusa hamna kitu. Kazi yenyewe ndogo tu, mawaridi matatu ya kundi moja la hayo ya zamani linaloitwa Damask, nitoe DNA niangalie yana undugu gani. La kwanza 'Kazanlik', pinki, ndo lile la Bulgaria la mafuta. La pili 'Quatre Saisons', hili wenzake wakishamaliza kuchanua lenyewe vuli linarudi tena. La tatu ndo kichekesho, 'York and Lancaster', kichaka kimoja lakini ua hili jeupe, lile pinki, jengine nusu kwa nusu, kama mtu alietoka nyumbani na kandambili za rangi mbili.

Mimi waridi nalijua toka utotoni kwa marashi. Bibi yangu Unguja ana mrashi wake wa fedha kabatini, hautoki mpaka kuwe na maulidi au harusi, na marashi anayotia humo mjomba wangu alieko Muscat ndo anamletea, ya Jabal Akhdar, na waridi la kule nalo ni Damask, wanalipika kwenye matanuri ya udongo kwa kuni ndo maana yana kaharufu ka moshi kwa mbali. Basi siku ya kwanza naenda kuchuma majani ya 'Kazanlik' kulikua na ua moja limefunguka, nikainama kulinusa, nikabaki nimeinama pale mpaka mtunza bustani akaniuliza kama naumwa.

Sasa waridi kwenye lab ni balaa. Unasaga jani kwenye kinu na naitrojeni ya baridi kali mpaka liwe unga, lakini lina tannin kama za majani ya chai, ukichelewa kidogo mchanganyiko wote unageuka chai ya rangi na DNA yako ndo ishanasa humo. Wiki mbili nzima natoa uji wa kahawia tu, ikabidi fundi wa lab anihurumie, akanambia chukua majani machanga kabisa na utie unga unaitwa PVP, unanasa zile tannin, ikakubali siku hiyohiyo.

Njia tuliyotumia ni RAPD, ya zamani lakini rahisi. Unatia kipande kifupi cha DNA cha herufi 10, kinajishika popote kinapopata mwenzake kwenye DNA ya mmea, mashine ya PCR inazidisha nakala za sehemu hizo, halafu unapitisha umeme kwenye jeli na vipande vinajipanga mistari mistari, chini ya taa ya UV unaona kama baakodi. Nikawasha taa. Mawaridi matatu, baakodi moja.

Nikaishiwa nguvu. Nikajua hapa nimetia sampuli moja kwenye vitubu vyote vitatu, maana nilikua nimechoka na nilikua napokea simu huku nashika pipeti, na RAPD yenyewe korofi, leo inakupa hivi kesho vile. Sikumwambia mtu. Jioni watu walipoondoka nikarudia yote toka kwenye majani, safari hii nikaongeza kitubu cha maji matupu, nione kama kuna DNA imeingia kimakosa, na waridi la nne, 'Apothecary's Rose', la kundi jengine, Gallica. Saa saba usiku nikawasha taa tena, maji hayana kitu, Gallica iko kivyake, na yale matatu yako vilevile.

Asubuhi nikaenda kwa msimamizi na picha mkononi, nishajiandaa kujitetea. Mzee akaitazama akacheka, akafungua droo akanipa makala ya Wajapani, Iwata na wenzake, ya mwaka 2000, walichukua Damask nne za zamani kabisa, na haya matatu yangu yamo, wakakuta hayatofautiani. Alijua muda wote! Nilimnunia wiki nzima, hata leo naona angeweza kunambia.

Lakini nilivyoisoma ndo nikaona uhondo. Kabla yake watu walikua wanamfuata Hurst, Mwingereza wa kuhesabu kromosomu, alisema Damask za kiangazi na zile za vuli zimezaliwa mbali mbali, kila moja na mzazi wake. Kumbe ni mmea mmoja tu, watu wamekua wakikata vijiti na kupanda karne na karne kama sisi na muhogo, mara moja moja tawi linabadilika kidogo, linatoa ua la rangi nyengine, mtu analipenda analipa jina. Badiliko dogo hivo RAPD wala hailioni. Na wazazi wa Damask ni watatu, Rosa moschata ndo bibi, Rosa gallica ndo babu, mtoto wao akapata chavua ya Rosa fedtschenkoana, jina halitamkiki, waridi la milima ya Asia ya Kati huko ambalo kabla ya hapo wengi hawakua wanalifikiria.

Nikampigia bibi, shikamoo marahaba, nikamuelezea yote. Akasema, "Yani mwanangu umepelekwa Ulaya kwenda kumtafuta baba wa waridi?" Akanyamaza kidogo. "Na hili letu la Oman jee, ndugu yao?" Nikamwambia bibi sina jani lake siwezi kusema. Akasema basi hilo niachie mimi, mjomba wako nitamuagiza.

Nimerudi Unguja Disemba, bibi kanisubiri na mzigo umefungwa vizuri kwenye kanga, nafungua, chupa mbili za marashi. Nikacheka nikamwambia bibi humu hamna DNA, imebaki yote kwenye chungu, huu ni mvuke tu. Hakunijibu, akaenda kabatini akatoa mrashi wake, akaujaza, akanirashia kichwani.