Bili ya kuacha kazi: pauni 3,277

Jumanne iliyopita nilimwandikia meneja wangu swali moja tu: mtu akitaka kuacha kazi, anatoa notisi ya muda gani? Sikusema naacha. Niliuliza. Koli za mchana, yaani ziara zangu za kuhudumia wateja nyumbani kwao, hazijaisha, jibu likaingia kwenye simu, na ndani yake hamna muda wa notisi. Kuna bili.

Mafunzo, pauni 900. Sare, 85. Tozo ya ujuzi ya uhamiaji, 1,092. Gharama za usimamizi, 1,200. Jumla pauni 3,277, zilipwe kabla ya siku ya mwisho kazini. Nikazidisha mara 3,300 kichwani kupata shilingi za Tanzania, kama ninavyozidisha kila kitu mpaka leo, hata paketi ya maziwa. Karibu milioni 11. Mafunzo yenyewe yalikuwa siku tatu kwenye chumba kilicho juu ya duka la mazulia. Sare ni blauzi mbili, na moja ilichanika kwapani kabla hata sijamaliza mwezi.

Na huyo anayetozwa ndiye yule yule aliyemlipa wakala milioni 20 kule nyumbani kabla ya kupanda ndege.

Mimi ni keya, yaani mhudumu wa wazee na wagonjwa, wa kuzunguka majumbani, huku Yorkshire, Uingereza. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mafinga, nyanda za juu Tanzania, kwa hiyo baridi msinihurumie, baridi naijua. Nilikuja Novemba 2023. Zile milioni 20 zilitoka SACCOS ya walimu, miezi 48, rejesho 527,000 kila mwezi, kwa udhamini wa walimu wenzangu wawili. Tiketi na pesa ya kujikimu nilichukua mkopo wa kausha damu, milioni tatu. Hiyo nilishaimaliza, na jinsi nilivyoimaliza tuiache. Ya SACCOS bado marejesho 23, pamoja na mawili niliyoruka mwaka jana.

Kwenye mkataba wangu imeandikwa saa 39 kwa wiki. Ratiba inanipa 22. Lakini msidhani nakaa nyumbani hizo nyingine. Siku yangu inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuisha saa nne kasorobo usiku. Katikati nina koli 11 za nusu saa nusu saa, yaani saa tano na nusu za kulipwa. Zilizobaki naendesha, au nimekaa kwenye gari limezimwa nikiokoa mafuta, blanketi miguuni, chupa ya chai pembeni. Kima cha chini kilichoanza Aprili 2025 ni pauni 12.21 kwa saa. Pigeni wenyewe: siku nzima, kuanzia giza mpaka giza, pauni 67 na vichenji. Toa gari, ambalo ni la kampuni na nakodishiwa kwa pauni 65 kwa wiki. Toa chumba 480 kwa mwezi. Toa mafuta. Toa SACCOS. Kinachobaki ndicho mama na mwanangu wanachosubiri, na mimi nile.

Sheria ya hapa inasema muda wa kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine ni muda wa kazi, uhesabiwe kwenye kima cha chini. Hilo nimelijua mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza nilikuwa nashukuru tu.

Wateja siwalaumu. Koli yangu ya kwanza asubuhi ni bibi wa miaka 91. Kumwamsha, kumwosha, dawa, tosti, uji, kuandika ripoti kwenye simu, vyote nusu saa. Sasa bibi huyu anataka kufunga vifungo vya sweta mwenyewe. Viko saba. Vidole vimepinda kama tangawizi, anakishika kifungo, kinamponyoka, anakitafuta tena. Ukimsaidia anakupiga kibao kidogo cha mkono. Nimewahi kumhesabia: dakika 11. Mimi nimesimama pale na tosti mkononi, simu mfukoni inalia kuniambia nimechelewa kwa mzee wa mtaa wa pili. Ningekuwa namwosha bibi yangu mzaa mama ningemwacha afunge mpaka jua litoke. Hapa nikimwacha, dakika sita zinazozidi ni zangu, halipi mtu.

Kilichonifanya niulize lile swali la notisi ni taa nyekundu. Desemba, usiku, nilisimama kwenye taa, nikashtuliwa na honi. Taa ilikuwa imeshakuwa kijani, sijui kwa muda gani. Nilikuwa nimelala. Mguu kwenye breki, macho yamefunga, nimelala kabisa.

Nilipowaambia nyumbani, kila mtu alikuwa na neno moja. Mama mdogo: vumilia mwanangu, wenzako wanalia wapate hiyo nafasi. Kaka yangu: vumilia, mwaka huu tupige bati. Kwenye kundi la familia mtu akatuma ile ya mvumilivu hula mbivu, na ua la waridi. Nikajiuliza hiyo mbivu inaliwa wapi, maana bati ni la kaka na mimi niko kwenye gari la kukodi. Lakini nisiwaonee. Mimi ndiye niliyepiga picha Heathrow na koti jekundu, nikaiweka kwenye status ya simu siku tatu. Mimi ndiye niliyeogopa kusema kwamba hata kubeba maboksi kuna watu wanakukodisha toroli.

Hesabu ya kuacha kazi ukiwa na deni ni ngumu popote. Huku ina fundo la ziada, nalisema kwa wale wanaoniandikia "si uache tu utafute nyingine". Viza yangu imefungwa kwa mwajiri. Nikiondoka, anatakiwa kuiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani ndani ya siku kumi za kazi. Kisha ikija barua ya kufupisha viza, kawaida inakupa siku 60 upate mwajiri mwingine mwenye leseni ya kudhamini, au ufungashe. Na kazi mpya huanzi mpaka ombi lako jipya la viza lipite. Kwa hiyo mpangilio ni huu, na usiupindue hata ukiwa na hasira kiasi gani: mwajiri mpya kwanza, COS mpya (hati ya mwajiri ya kukudhamini), ombi la viza, majibu, ndipo barua ya kuacha. Wakati unasubiri unaendelea na yule yule wa zamani, unamsalimia na kutabasamu. Dada mmoja tuliyepanga naye alimrushia meneja funguo za gari siku ya Ijumaa. Sisi tulishangilia jikoni. Siku 60 zilipokwisha alikuwa analala sebuleni kwa watu Birmingham.

Na kukaa tu nako si salama, ndicho watu wa "vumilia" wasichokijua. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ya hapa ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hii. Leseni ikifutwa, wewe uliyevumilia unapata barua sawa na aliyerusha funguo. Viza yangu yenyewe inaisha Novemba hii. Ningeweza kusema nivute miezi kumi. Lakini navuta kuelekea kwa mtu ambaye atatakiwa kunidhamini upya, na huyo ndiye aliyenitumia bili.

Kuhusu bili yenyewe, nilikwenda kwa washauri wa Citizens Advice, ambao hawatozi hata senti. Mama mmoja mwenye miwani ya kamba aliisoma mistari yote kwa kidole. Alipofika kwenye ile 1,092 akaipigapiga. Tozo hiyo ni ya mwajiri kwa mujibu wa kanuni za uhamiaji, haruhusiwi kumtwisha mfanyakazi. Ile ya usimamizi akataka aione iko ukurasa gani wa mkataba. Haiko. Mafunzo, akasema, hayo yanaweza kuwa na mguu wa kusimama, kwa sababu nilisaini, lakini kiasi kinajadilika. Nilitoka pale nimesimama wima kidogo. Nilijibu meneja kwa mistari miwili, nikiomba anionyeshe vifungu. Hii ni siku ya sita, kimya.

Wewe uliyeko nyumbani unayenitumia ujumbe "dada nipe mchongo wa keya": tangu tarehe 22 Julai 2025 njia hiyo imefungwa kwa waombaji wapya walio nje ya Uingereza. Mlango haupo. Anayekuuzia COS ya keya leo ukiwa Makambako anakuuzia hewa, na atataka umlipe kwa mkupuo. Usiende SACCOS. Hasa usiende na wadhamini.

Maana hapo ndipo penyewe. Wiki tatu kabla ya bili kuja tayari usingizi sikuwa nao, nikiwafikiria watu wawili ambao nisipolipa watakatwa wao. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa hisabati. Nusu ya rejesho langu kwa kila mmoja ni laki mbili na sitini na kitu, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Wao ndio sikuwaambia chochote. Waliokula pesa zangu niliwaomba ushauri, waliozibeba niliwaficha.

Jumatano nikajikaza, nikamtumia yule wa hisabati sauti ya dakika saba. Nililia katikati, sikuifuta. Alijibu saa ya mapumziko, nasikia kengele na watoto wanagombania mpira nyuma yake. Nilitegemea "vumilia". Akaniuliza: "Mdogo wangu, unalala?" Kisha: "Hiyo laki mbili na sitini wakinikata nitaisikia, sikudanganyi, nina mtoto anaingia kidato cha tano. Lakini kwa nini wanikate? Kamati ya mikopo inakaa Ijumaa. Tuombe waongeze muda, rejesho lishuke. Wewe si wa kwanza. Mwenzetu alipougua walimwongezea. Tatizo lako ulinyamaza, ukaruka miezi miwili bila barua, wakakuona mkorofi."

Hakunipa pole hata moja. Alinikumbusha anavyowasahihisha watoto: hesabu haijakosewa, umeruka hatua.

Nina usaili Alhamisi saa nane mchana, nyumba ya wazee, shifti za saa 12 mahali pamoja, bila gari. Nimeuingiza katikati ya koli za mchana na za jioni, nitavaa blauzi ile iliyo nzima chini ya koti. Wana leseni, nimeikagua kwenye orodha ya serikali mara mbili. Barua ya kuacha kazi nimeiandika, iko kwenye rasimu, haina tarehe.

Sasa hivi niko kwenye gari nje ya kwa bibi wa vifungo, nasubiri koli ya saa kumi na nusu. Mwalimu amenitumia picha ya fomu ya SACCOS, amejaza kila kitu kwa mwandiko wake wa ubaoni, jina langu, namba ya uanachama, salio. Kisanduku kimoja amekiacha wazi. Chini ameandika: "Niweke miezi mingapi?"