Zakayo Alitaja Mambo Mawili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu juma hili ni Luka 19:1–10. Tumelizoea tangu utotoni, mkuyu na ufupi wa Zakayo, hata kazi yake tunaipita mbiombio. Alikuwa mkuu wa watoza ushuru: dola ina kiasi chake, kinachozidi ni chake mtozaji.

Kazi ya namna hiyo ilikuwapo India pia. Kule Bengal, zamindar alikuwa mkusanyaji wa kodi ya ardhi. Mwaka 1793 Lord Cornwallis, gavana wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, akamgeuza kuwa mwenye ardhi. Katika kila mafungu 11 ya kodi iliyokadiriwa, 10 ni ya Kampuni na 1 lake. Asipolipa kabla jua halijatua siku iliyopangwa, ardhi inapigwa mnada. Fungu la Kampuni liliwekewa kikomo cha milele. Alichodaiwa mkulima hakikuwekewa kikomo. Mtu ambaye babu yake ndiye aliyefyeka pori lile akajikuta mpangaji, na kila deni la juu likamshukia yeye.

Kusini zaidi, Telangana, katika milki ya Nizam, mtawala wa Hyderabad, makabaila waliitwa deshmukh, na kazi ya kulazimishwa bila ujira iliitwa vetti. Mshona ngozi alipeleka viatu, mfinyanzi vyungu, mgema tembo, mfua nguo akafua za nyumba nzima. Bwana akisafiri, walikuwapo waliotakiwa kukimbia mbele ya gari lake. Tena waliambiwa wamezaliwa kwa ajili hiyo, kwamba tabaka lao ndivyo lilivyopangwa na mbingu. Hapo mimi huogopa kuliko penye kodi na mnada. Dhuluma ikishavikwa joho la dini, anayeipinga huonekana anampinga Mungu, na Wakristo hatuna ubavu wa kuwacheka wengine kwa hilo.

Chakali Ailamma wa Palakurthi, hukohuko Telangana, mama mfua nguo, alikodi shamba akalima. Katika miaka ya 1940 kabaila wa huko akataka kulitwaa pamoja na mavuno. Ailamma akagoma, na wanakijiji waliokuwa wameungana wakamsaidia kuvuna mpunga wake na kuufikisha nyumbani. Hakuomba hisani ya mtu, alitaka alichokilima.

Tarehe 18 Aprili 1951 Vinoba Bhave, mfuasi wa Gandhi, alifika Pochampally, Telangana hiyohiyo, wakati vita vya wakulima na makabaila vikielekea ukingoni. Familia 40 za watu waliotengwa zikamwambia zinahitaji ekari 80. Akawauliza wenyeji waliokusanyika kama wao wenyewe wana la kufanya. Ramachandra Reddy, mwenye ardhi, akasimama akatoa ekari 100. Vinoba akaendelea kutembea kwa miguu miaka mingi akiomba ardhi, na zilizoahidiwa zikapita ekari milioni 4. Nyingi zilikuwa mawe matupu au zenye kesi, na sehemu kubwa haikuwafikia maskini. Namheshimu Reddy, kusimama mbele ya kijiji chako ukasema "chukueni" si jambo dogo. Lakini ile ilikuwa sadaka. Miaka ya vetti, nani aliilipa?

Soma aya ya 8 polepole: "nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Nusu ni sadaka. Mara nne ni deni, na deni lina mwenyewe. Wengi wetu tuna mkono mwepesi kwenye harambee, huku dada wa kazi nyumbani anadai mshahara wa mwezi wa pili. Yakobo 5:4 inasema ujira wa namna hiyo unapiga kelele, na Bwana wa majeshi anausikia.

Jumatano tutasoma Nehemia 5. Wakuu wa Yerusalemu walikuwa wameshika mashamba ya ndugu zao kwa madeni. Nehemia hakuwaomba mchango. Aliwaambia warudishe mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, leo hii, pamoja na riba waliyotoza, kisha akawaita makuhani na kuwaapisha.