Shamba la kwako, kesi ya mwenzio

Mtu wa Muheza, huku kwetu mkoani Tanga, akimegewa nusu eka ya michungwa, fikra yake ya kwanza ni kwamba atasimama barazani, ataeleza babu yake alilifyeka lini pori lile, wazee watamshuhudia, na yatakwisha. Kumbe mashauri mengi ya ardhi yanakufa kabla hata swali la "shamba la nani?" halijaulizwa. Aliyeshtaki siye, aliyeshtakiwa siye peke yake, muda umeshapita, au shamba lenyewe halijulikani limeanzia wapi na kuishia wapi. Anayetupwa nje kwa namna hiyo hurudi kijijini akiamini mwenzake katoa chochote. Mara nyingi kilichommaliza ni karatasi yake mwenyewe.

Tuanze na baraza la kata, maana huko ndiko wengi wanakopotezea mwaka mzima. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, baraza la kata halihukumu tena mgogoro wa ardhi. Linasuluhisha tu. Wanakaa wajumbe watatu, angalau mmoja awe mwanamke, wanawasikiliza nyote wawili na kujaribu kuwapatanisha. Mkipatana, makubaliano yaandikwe na kila mtu atie saini. Mkishindwa, baraza linatoa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, na hati hiyo ndiyo ufunguo wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bila hiyo hupokelewi. Siku 30 zikipita tangu upeleke lalamiko na kata bado inakupiga danadana, sheria inakuruhusu kwenda wilayani bila hati. Lakini hizo siku 30 utazithibitisha kwa nini? Kwa hiyo peleka lalamiko kwa maandishi, nakala mbili, na moja irudi nawe ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Baraza la kata likikuandikia leo "hukumu" kwamba shamba ni lako, usiifanyie sherehe. Ni karatasi isiyo na nguvu.

Kosa la pale kata ambalo halionekani mpaka baadaye ni maelezo kutofautiana. Kule ulisema eka mbili unamdai Fulani. Wilayani unaandika eka tano unamdai Fulani na nduguye. Mwenzako atauliza, na ana haki ya kuuliza, mgogoro uliosuluhishwa ulikuwa upi.

Sasa nani anashtaki. Mashamba mengi ya pwani yetu ni ya marehemu. Baba kafa, watoto wanalima, siku moja mtu anatokea na kusema aliuziwa. Mtoto mkubwa anakwenda kufungua shauri kwa jina lake, na hapo hapo ameshaanguka: mali ya marehemu inadaiwa na msimamizi wa mirathi, si na mtoto kwa kuwa ni mtoto. Usimamizi kwa kawaida unaombwa Mahakama ya Mwanzo. Muhtasari wa kikao cha ukoo unasaidia, ila haumfanyi mtu kuwa msimamizi. Kinachomfanya ni uteuzi wa mahakama, ile Fomu Na. IV. Akishateuliwa ana miezi minne ya kurudisha orodha ya mali na hesabu za mgawanyo, Fomu Na. V na Na. VI. Wengi wakiipata ile ya nne huifungia kabatini na kusahau hizo mbili.

Na hapa pana mtego ambao umemeza mashamba mengi. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12. Kama marehemu alikuwa analimiliki shamba siku anakufa, miaka hiyo inahesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku msimamizi alipoteuliwa. Tuseme mzee kafariki Machi 2009. Familia ikavutana, kila mjomba na lake, msimamizi akateuliwa 2023. Anaingia barazani na karatasi mpya inayong'aa, anaambiwa muda uliisha Machi 2021. Barua ya usimamizi haifufui miaka. Kwa hiyo hata kama urithi haujagawanywa, hata kama hamsemeshani, mteueni msimamizi mapema; ugomvi wa mgawanyo unaweza kusubiri, mvamizi hasubiri.

Miaka hiyo 12 watu wanaielewa kinyume vilevile. Utamsikia mtu akisema, "Nimelima hapa miaka 20, hapanitoki." Inategemea uliingiaje. Aliyekaribishwa kulima, akaonyeshwa sehemu na mwenyewe, hawi mwenye shamba kwa kuwa tu amekaa sana. Mwalikwa ni mwalikwa hata akizeeka hapo. Ndiyo maana katika mashauri haya swali la "nani alikuonyesha?" lina uzito kuliko "umelima tangu lini?"

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya sheria haviligusi sana: huku mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Pangani yote inalijua hilo. Sasa chukua hati ya mauziano, kipande cha karatasi ya daftari, wino wa bluu, muhuri wa kitongoji umekaa upande na nusu yake imefutika: "Mimi nimemuuzia ndugu yangu minazi kumi na mitano kwa fedha taslimu mbele ya mashahidi." Kauza nini? Miti, au miti na ardhi iliyo chini yake? Miaka kumi baadaye minazi sita imekufa na mnunuzi anataka kujenga. Muuzaji, au mwanawe, anasema ardhi haikuuzwa. Sentensi moja tu ingemaliza yote: "nimeuza ardhi pamoja na mazao ya kudumu yaliyomo", au kinyume chake, "nimeuza minazi tu, ardhi imebaki yangu".

Hati hiyo ina kasoro nyingine kubwa zaidi. Ardhi ya kijiji haihami mkono kwa muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji wala kwa saini ya mtendaji peke yake. Inahitaji kibali cha halmashauri ya kijiji, na kibali hicho kinaonekana kwenye muhtasari wa kikao: tarehe, waliohudhuria, ombi la nani, uamuzi. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu miaka ya 1980 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila kibali cha halmashauri ni batili, na haijaacha kusema hivyo. Mnunuzi aombe nakala ya muhtasari siku ile ile, iliyothibitishwa na mtendaji. Watendaji huhamishwa, na mafaili ya kijiji huliwa na mchwa kama mbao nyingine. Angalia pia ushuru wa stempu: hati iliyostahili kulipiwa na haikulipiwa haipokelewi kama kielelezo mpaka ilipiwe pamoja na adhabu, na jambo hilo kwa kawaida huibuliwa na wakili wa upande wa pili katikati ya ushahidi wako, wakati ambao huna hela mfukoni.

Nani anashtakiwa? Kama shamba lako limeuzwa na mtu mwingine, unawashtaki wote wawili, muuzaji na mnunuzi. Msimamo huo una miaka zaidi ya 40 sasa, na bado watu wanamshtaki mnunuzi peke yake kwa kuwa ndiye wanayemwona shambani na jembe. Shauri linaweza kwenda hadi rufaa, kisha likafutwa lote lianze upya kwa sababu muuzaji hakuitwa.

Kwa serikali ya kijiji ni habari nyingine kabisa. Kama halmashauri ya kijiji ndiyo iliyogawa shamba lako kwa mtu, usiiweke kwenye fomu ya baraza la wilaya kama unavyomweka jirani. Tangu mabadiliko ya 2020, kushtaki mamlaka ya serikali za mitaa, kijiji kikiwemo, kunataka notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na zikiisha siku hizo Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye shauri. Na shauri lenyewe linafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa mtu wa mkoa huu ni nafuu kidogo, maana Mahakama Kuu ina masjala yake Tanga mjini. Asiyemuunganisha Mwanasheria Mkuu anaharibu mwenendo wote wa shauri, hata kama kila shahidi alimuunga mkono.

Kama hakuna serikali ndani yake, baraza la wilaya linapokea madai ya kurudishiwa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Thamani iandikwe kwenye maombi. Kwa mashamba yetu mengi kikomo hicho hakisumbui. Viwanja vya ufukweni ndivyo vya kuangalia.

Nimefika kwenye kitu ambacho ningekipigia kelele kama ningekuwa na kipaza sauti: maelezo ya shamba. Maombi mengi yanasema, "shamba langu la eka tatu lililopo katika kijiji chetu". Kijiji kizima kina mashamba ya eka tatu. Andika kitongoji, kijiji, kata, wilaya. Andika ukubwa, na kama hujapima sema ni kadirio. Kisha pande nne, kila moja na jirani wake na alama yake: kaskazini ni shamba la nani, mpaka ukiwa safu ya mkonge, mashariki ni njia ya kwenda kisimani, kusini ni minyaa iliyopandwa toka jiwe hadi mwembe mkubwa, magharibi ni korongo. Taja vilivyomo, michungwa mingapi, mikorosho mingapi, kaburi kama lipo. Na kama kinachogombaniwa ni kipande tu cha shamba, eleza kipande, si shamba lote. Simu za siku hizi zinatoa majira ya nukta, zile namba za GPS zinazoonyesha mahali ulipo. Tembea pembe nne, andika namba zake. Haigharimu kitu.

Kwenye ushahidi, jirani wa mpaka ni bora kuliko shemeji. Hati iwe halisi, siyo fotokopi. Kama halisi anayo mpinzani wako, mwandikie notisi ya kuileta kabla ya siku ya kusikilizwa. Muuzaji akiwa hai na umemwacha nyumbani, jiandae kuulizwa kwa nini.

Baraza linaweza kwenda kuliona shamba. Si lazima, ila mkibishania mpaka, omba. Utaratibu wake Mahakama ya Rufani iliuweka tangu 1980: pande zote na mashahidi wanaohitajika wawepo, yanayoonekana na kusemwa yaandikwe, mkirudi barazani yasomwe mbele yenu na mpewe nafasi ya kusema kama yameandikwa sawa. Kinachotokea mara nyingi ni wazee kukusanyika chini ya mwembe, kila mmoja anaonyesha kwa mkono, gari linaondoka, na kwenye jalada inaandikwa mistari miwili. Hukumu iliyosimama juu ya mistari hiyo miwili haina miguu. Ukiona haiandikwi, sema pale pale kwa heshima, "Mheshimiwa, naomba liingie kwenye mwenendo."

Msemo wa Tanga, waja leo warudi leo, mwenye kesi ya ardhi anaujua kuliko mtalii. Anatoka Mkinga alfajiri, shauri linaahirishwa, anarudi na basi la jioni. Kama huna wakili, msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 atakusaidia bila kukutoza. Kusimama barazani kwa niaba yako hawezi, na anayekuambia anaweza anataka nauli yako.

Ukishindwa, siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu zinaanza siku hukumu inasomwa. Omba nakala ya hukumu na ya tuzo, yaani ile amri inayotokana na hukumu, kwa barua wiki ile ile, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Siku za kusubiri nakala huondolewa kwenye hesabu, ila barua ndiyo inayoonyesha uliomba lini. Aliyechelewa anaomba kuongezewa muda, na huko anatakiwa kueleza kila siku aliyochelewa. "Nilikuwa naumwa" bila cheti cha hospitali haitoshi.

Ukishinda, hukumu haimtoi mtu shambani. Unaomba utekelezaji, mpinzani anapewa siku 14 za kutii mwenyewe, akikaidi anakuja dalali wa mahakama na amri mkononi. Kukata rufaa kwake hakumzuii dalali mpaka apate amri ya zuio. Dalali naye anasoma tuzo, hasomi moyo wako. Tuzo ikisema "shamba la eka tatu lililopo kijijini", hana pa kuchimbia kigingi cha kwanza, na jirani wa magharibi ameshasimama korongoni na panga.