Siku Rafiki Yangu Aliponiita Mgeni

Nilipohamishwa kutoka Rungwe kwenda kufundisha Iringa mwaka 2014, niliamini kwamba urafiki wangu na somo yangu ulikuwa umekomaa kiasi cha kutotikiswa na umbali wa zaidi ya kilomita 300. Tunaitana somo kwa kuwa tuna jina moja. Tulilala chumba kimoja chuoni kwa miaka 2, kisha tukapangiwa kazi katika kata moja. Mwanzoni tulipigiana simu kila wiki, baadaye tukabaki na salamu za sikukuu tu, nami sikuona kwamba kuna kitu kinachakaa.

Mama yake alifariki Septemba 2017, nikiwa katika usimamizi wa mitihani ya darasa la saba. Nilimtumia rambirambi kwa simu siku ileile, nikamwandikia pole huku machozi yakinitoka, nikajiona nimetimiza wajibu wangu. Baada ya matanga alinyamaza. Nikipiga, simu inaita hadi inakatika.

Likizo ya Juni iliyofuata nilipanda basi hadi Uyole, nikabadilisha gari kuelekea Tukuyu, na nikafika kwake jioni yenye ukungu na baridi kali. Nilimkuta uani akimenya ndizi. Alinitazama, akafuta kisu kwa pindo la kanga, akasema, "Karibu mgeni," kisha akamtuma mtoto aniletee kiti. Kabla ya hapo sikuwahi kuletewa kiti katika nyumba ile. Nilikuwa najichukulia kigoda jikoni, naketi kando yake na kushika kisu cha pili. Nilikaa kwenye kile kiti nikiwa sijui mikono yangu niiweke wapi.

Usiku, watoto walipolala, aliniambia kwa sauti ya chini, "Somo, hela yako ilifika siku ya kwanza ya msiba. Wewe umefika leo."

Sikujitetea, maana hapakuwa na la kujitetea. Asubuhi tulikwenda kaburini kwa mama, tukang'oa majani pamoja bila kusema mengi, na nilikaa pale siku 3. Kabla sijaondoka alikiri kwamba naye alikosea kuninyamazia badala ya kuniambia kilichomuuma.

Katika safari ya kurudi nilitafakari sana. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alitaja aina 3 za urafiki, yaani ule wa manufaa, ule wa raha, na ule wa watu wanaopendana kwa ajili ya wema wao, akaeleza kwamba aina 2 za kwanza huvunjika kwa urahisi manufaa au raha inapokwisha. Kosa langu lilikuwa kuwatia marafiki wote katika kapu moja. Wenzangu wa upatu pale Iringa wananihitaji nilipe siku yangu bila visingizio, na nikifanya hivyo urafiki wetu unatosheka. Wenzangu wa kwaya tulipendana kwa kicheko na mazoezi ya jioni. Nilipohama mtaa tulipoteana taratibu, wala simlaumu mtu. Somo yangu nilikuwa nimemlipa kama mtu wa upatu, wakati yeye alinihitaji niwepo.

Sisi Wanyakyusa tunalo neno ukwangala, la kukaa pamoja na wenzako, kula na kuzungumza na kufurahia kuwa nao. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwetu miaka ya 1930, alieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyokuwa wakitoka kwa wazazi wao na kujenga kijiji chao wenyewe, na jinsi ukwangala ulivyokuwa msingi wa maisha hayo. Vijiji hivyo havipo tena, lakini hitaji lenyewe lipo, na kwa maoni yangu hakuna muamala wa simu unaoweza kulijaza.

Nilianza na mambo madogo. Kila mshahara unapoingia natia nauli ya Tukuyu katika kibubu, na fedha hiyo haiguswi hata ada za watoto zikinibana. Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, nampigia somo bila kuwa na shida wala habari, na tunazungumza hata kuhusu mvua na bei ya maparachichi. Penye msiba kwake nakwenda. Nikishindwa kabisa, namwambia waziwazi kwamba nimeshindwa na lini nitafika, kisha nafika siku hiyo. Nimemwomba pia anikemee mapema ninapomkosea, na amenikemea mara 2.

Mwaka jana alikuja kwangu kwa mara ya kwanza. Nilimpokea Ipogolo akiwa na mfuko wa maparachichi aliyoyafunga moja moja kwa magazeti. Tulipofika nyumbani hakungoja nimkaribishe. Aliweka mfuko chini, akapitiliza hadi jikoni, akafunua sufuria ya maharage, akaonja, kisha akaniuliza chumvi ninaiweka wapi.